Mbele ya Pazia

Jumatatu, 4 Machi

Nimeshindwa tena. Safari hii nimeshindwa na tofi.

Mpango ulikuwa safi kabisa. Pale uwanja wa ndege, Dada wa Kaunta ndiye anayeamua nani akae mbele ya pazia na nani akae nyuma na sisi wengine. Kila msafiri mzoefu anajua hilo. Wengi hujaribu kumlainisha kwa maneno. Maneno! Huyo dada anasikia maneno kutwa nzima. Nikasema mimi nitakwenda na kitu cha kutafuna. Nikanunua tofi za maziwa, zile ngumu zenye kung'ang'ania. Nikamkabidhi kwa heshima, nikamwambia kazi yako ngumu, dada yangu, hebu tuliza koo. Akacheka. Akatia moja mdomoni. Moyoni mwangu nilikuwa nimeshakaa mbele, miguu nimeinyoosha.

Kisha akashika shavu.

Jino lililozibwa lilizibuka palepale. Kizibo kikabaki kwenye tofi. Na nyuma yangu kwenye foleni amesimama nani? Daktari wa Meno! Mpinzani wangu tangu mwaka juzi, mwenye kliniki kila mji ninaokwenda, mwenye mkoba wa ngozi usio na hata mkwaruzo. Akaniomba nimpishe kidogo. Akamwambia dada apanue mdomo, akammulika kwa simu, akamwambia asitafunie upande ule na aje kliniki yeye Daktari akirudi safarini, atamwona yeye wa kwanza.

Kiti kilikuwa kimoja. Sina haja ya kuandika nani alikipata. Niliponyanyuka kupanda ndege alinipita, akaniambia ahsante kwa tofi. Mtu mwenye meno mazuri akikucheka inauma maradufu.

Nimekaa karibu na choo. Kila aliyekwenda kujisaidia aliniegemea.

Mimi ni fundi wa lifti. Kampuni inanituma mji huu na ule kukagua lifti za benki, hoteli na hospitali. Kazi yangu ni kuhakikisha watu wanapanda. Mwenyewe sipandi. Kwa sisi tunaoishi viwanja vya ndege, "kupandishwa" kuna maana moja tu: umelipia nyuma, wakakukalisha mbele bila kukutoza. Ndicho tunachogombea. Kadi yangu ya shirika la ndege ni ya fedha, ya Daktari ni ya dhahabu, na wa dhahabu hutazamwa kwanza. Kwa hiyo mimi natumia akili.

Imenitokea mara moja, mwaka jana. Nilimpigia Shangazi kabla hatujaondoka, nikamnong'oneza: nimepandishwa daraja! Akapiga kigelegele mpaka mhudumu akageuka. Kumbe ameelewa nimepandishwa kazini. Kabla sijatua, mtaa mzima ulishajua mwanawe ni bosi wa lifti. Sikumsahihisha. Ningeanzia wapi? Na uongo uko wapi hapo? Daraja ni daraja.

Shangazi ndiye aliyetulea mimi na mdogo wangu. Alikuwa fundi wa kushona, na sifa yake ilikuwa matundu ya vifungo. Mafundi wengine walimletea mashati yaliyokwisha, ayatoboe na kuyazungushia uzi kwa mkono. Kwa hiyo maradhi yalijua pa kumpata. Yalikwenda kwenye macho.

Jioni hii kanipigia. Jicho la kulia lilishazimika. La kushoto, anasema, ni kama dirisha la bafuni: mwanga unapita, lakini watu hawajulikani mpaka wasogee puani. Ijumaa ya wiki ijayo asubuhi anapasuliwa. Mpasuaji kamweleza bila kumzunguka: huenda wakaokoa kilichobaki, huenda kikaondoka chote. Nikamwambia nitakuja, Shangazi, nikuone kabla hujaingia. Akanikemea. Wewe utaniona hata baadaye, alisema, sitakuwa nimepotea. Mimi ndiye nataka nikuone wewe.

Nimeahidi. Nimeomba ruhusa kwa Bosi kwa ujumbe. Na pia nimekwenda kutazama tiketi.

Jumatano, 6 Machi

Mambo ya tiketi yanataka kichwa kilichotulia.

Kuna ndege ya moja kwa moja. Inaondoka asubuhi, unapiga miayo mara mbili tatu, umefika. Mdogo wangu kanipigia kuniambia nipande hiyo. Lakini nimeitazama picha yake. Kidege! Viti vyote sawa. Haina pazia. Mtu atapandishwa kwenda wapi, kwenye bawa?

Kuna ya pili, ya kuzunguka. Inapita mji mwingine, unabadilisha ndege, unafika usiku. Lakini hizo ni safari mbili, pointi zake za kadi mara mbili, na zote mbili ni ndege kubwa zenye mbele na nyuma. Nikipata pointi hizo nitakuwa naipumulia kisogoni kadi ya dhahabu. Nikiondoka Alhamisi asubuhi, usiku nipo kwa Shangazi, Ijumaa anaingia akiwa ameshaniona. Hakuna anayepoteza kitu.

Nimekata ya kuzunguka.

Nimemwambia mdogo wangu ile ya moja kwa moja imejaa. Na kweli imejaa. Imejaa watu wasio na mipango.

Aliguna. Mdogo wangu anaguna kama mashine ya kusaga, unajua kabisa kuna kitu kinasagwa. Kisha akauliza, "Kaka, utafika lakini?" Nikamwambia nimeruka angani mara nyingi kuliko ndege wenyewe. Akasema hakuniuliza hilo.

Jumamosi, 9 Machi

Nimegundua siri. Wanaopandishwa wana sura ya watu wasiohitaji kupandishwa. Ndiyo maana mimi huachwa. Nasimama pale kaunta macho yamenitoka kama mtoto mbele ya duka la mikate.

Kwa hiyo mambo mawili: suti na sura.

Suti nimeiazima kwa jirani yangu, mshereheshaji wa harusi. Ana suti nyeusi, alisema, ya heshima. Ni nyeusi kweli. Ila kola na mifuko ina vidude vya kumetameta, mamia, vinaita mwanga kutoka chumba cha pili. Nikamuuliza kama hana ya kawaida. Akaniambia hii ndiyo anayovaa misibani.

Sura niliifanyia mazoezi kazini, ndani ya lifti ya jengo la bima, kwa sababu ina kioo kizima. Niliisimamisha kati ya ghorofa ili nisisumbuliwe. Nyusi juu kidogo. Kidevu mbele. Macho yatazame kitu cha mbali, kama mtu anayekumbuka shamba lake. Nilikuwa nimeanza kuipata vizuri mlango ulipofunguliwa kwa ufunguo wa dharura, na Bosi amesimama chini yangu, kimo cha magoti, pamoja na wapangaji kadhaa wenye hasira. Aliniuliza kama jino linaniuma.

Jino! Hata huku Daktari ananifuata!

Ruhusa amenipa. Alisema wazi kwamba anamwonea huruma Shangazi yangu kwa mambo mengi.

Jumatano, 13 Machi

Kesho! Suti imening'inia mlangoni. Nikizima taa bado inaonekana.

Shangazi kapiga. Sauti yake ilikuwa ya uchangamfu, ule wa mtu anayepanga nyumba kabla ya wageni. Anasema ameanza kufanya mazoezi ya kutoona. Anafumba macho anatembea kutoka kitandani hadi jikoni. Jana alilisalimia jokofu akidhani ni jirani. "Na jokofu likaitikia," alisema, "lina adabu kuliko jirani mwenyewe." Tukacheka mpaka akakohoa.

Halafu akaniambia kazi nyingine anayoifanya. Anaangalia vitu. Anavisogeza karibu na jicho kimoja kimoja, anaviangalia taratibu, anavihifadhi. Birika. Visanduku vya nyuzi, maana hataki kusahau kijani kilivyo. Picha ya marehemu mumewe ameiacha, hiyo anaijua. Mdogo wangu kamkalisha mbele yake akamtazama muda mrefu mpaka yule akauliza kama ana kamasi. Majirani wote wamepita, mmoja mmoja, kama kwa mpiga picha.

"Nimewamaliza wote," akasema. "Umebaki wewe."

Nikamwambia usiku wa kesho nitakuwa nimekaa mbele yake, aniangalie mpaka anichoke. Akaniuliza nimebadilika? Nikasema kidogo. Akasema mtu akipandishwa cheo hubadilika shingo kwanza.

Nimekaa kitandani kidogo baada ya simu ile. Kisha nikakumbuka sijachagua upande wa kiti, nikainuka.

Alhamisi, 14 Machi

Siku ndefu. Naandikia kwenye hoteli ya uwanja wa ndege, katika mji ambao sikupanga kulala. Lakini nimeshinda! Tangu mwanzo.

Asubuhi kaunta. Suti ilifanya kazi nusu. Walinzi walinipapasa kila kifungo. Watoto wawili waliniomba niimbe. Dada wa Kaunta, shavu limepona, aliniuliza kwa upole kama wenzangu wa bendi wako nyuma. Nikamwekea ile sura ya shamba la mbali. Akaniuliza kama nahisi kizunguzungu, ningependa kukaa karibu na choo?

Na pembeni, mkoba wa ngozi. Daktari wa Meno! Naye anakwenda mji ule ule wa Shangazi, kliniki yake huko imepata mashine mpya. Akanitazama kola. Akasema, "Mzee, leo umewaka." Akapandishwa yeye. Mimi nilikaa nyuma ya pazia, safu ya kwanza kabisa, na kila pazia lilipopepea nilipiga chabo. Nilimwona anapewa taulo la moto kwa koleo. Akajifuta shingo kama mtu aliyetoka kulima.

Tukatua kubadilisha ndege. Ndege ya pili ilikuwa saa za jioni, kila kitu kwa wakati. Nimekaa getini nimetulia, naandika ujumbe kwa mdogo wangu kwamba asilale, nakuja. Ndipo kipaza sauti kikakohoa.

Ndege imejaa kupita kiasi, walisema. Wanaomba abiria mmoja, mmoja tu, aliye radhi kuacha kiti chake aondoke na ndege ya kesho alfajiri. Atalazwa hotelini. Atalishwa. Na kesho atakaa daraja la kwanza.

Daraja la kwanza! Siyo kusubiri, siyo tofi. Uhakika!

Niliinuka. Nikamwona na Daktari anainuka. Tukatazamana juu ya viti vile kama majogoo. Kisha tukaenda, kwanza kwa mwendo wa watu wazima, kisha wa watu waliochelewa, kisha wallahi tulikimbia. Mkoba wake ulimchelewesha. Vimetameta vyangu vilikuwa vinadondoka njiani. Nikaigusa kaunta mimi, kwa mikono miwili, kama watoto kwenye mchezo wa kujificha.

Alikuwa anahema. Akacheka, akanipongeza, akasema leo umeniweza. Kisha akaniuliza, mazungumzo tu, mimi huko ninakokwenda nina shughuli gani. Nikamwambia nakwenda kwa Shangazi yangu, kesho asubuhi anapasuliwa jicho, anataka aniangalie kabla.

Daktari akaacha kucheka.

Akaniuliza kesho asubuhi saa ngapi. Nikamwambia asubuhi tu, na wewe unajua wapasuaji, ni watu wa kuchelewa. Akasema hapana, hawachelewi. Akaniambia polepole, kama unavyosema na mgonjwa kitini, "Ndugu yangu, panda ndege hii. Hiyo ya kesho nitaichukua mimi."

Unaona ujanja wake? Mbele ya macho yangu! Nikamwambia Daktari, jino hili hung'oi. Nikatia saini.

Alisimama pale kidogo. Kisha akaenda kupanda, hakugeuka. Hajui kushindwa, yule.

Hesabu yangu ni nzuri. Nikitua kesho, teksi, nipo hospitali kabla hawajamaliza kunawa mikono.

Nilimpigia mdogo wangu, nikamwambia ndege imepata hitilafu. Hata kuguna hakuguna. Akampa Shangazi simu. Shangazi akasema nisihangaike, kazi ni kazi, mtu aliyepandishwa hana amri na muda wake. Atamwomba mpasuaji amweke wa mwisho. "Nitawaambia waanze na wale wasio na mtu wa kumngoja," akasema.

Hoteli ina sabuni mbili. Nimechukua zote.

Ijumaa, 15 Machi

Naandika nikiwa angani. Kiti cha mbele kabisa, dirishani. Acha niandike kila kitu kabla hakijaniponyoka.

Kiti kinalala. Kinalala kabisa, kama kitanda, ukibonyeza kitufe chenye picha ya mtu aliyelala. Nimelala, nimeinuka, nimelala. Mhudumu ameniita mheshimiwa. Nilitazama nyuma, kumbe ni mimi. Viatu vya kitambaa, bure. Mayai kwenye sahani ya udongo, na uma wa chuma, mzito. Taulo la moto limekuja kwa koleo! Nikajiwekea usoni, juu ya macho. Giza la joto, linanukia ndimu. Nikasema maisha ndiyo haya.

Nyuma ya pazia mtoto analia. Nasikia kwa mbali, kama wa mtaa mwingine.

Rubani ametangaza sasa hivi kuna ukungu, uwanja hauonekani, tutazunguka mpaka uondoke. Watu wamesonya huko nyuma. Mimi nikaagiza chai tena. Zunguka, baba. Zunguka tu.

Bado tunazunguka. Naona mawingu yale yale.

Mayai yamekwisha.

Jioni, hospitali. Benchi la ukumbini.

Nilifika nikikimbia, suti ile ile. Mlinzi alinielekeza wodi ya watoto, akidhani nimekuja kuwachekesha. Nikapanda lifti. Ina kasoro kwenye breki, nimeisikia, nitawaandikia. Mdogo wangu alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi hili, na kilemba cha Shangazi magotini.

Shangazi alikuwa ameshaingia. Si zamani. Kilemba kilikuwa bado kina umbo la kichwa chake.

Mdogo wangu alinieleza akitazama ukuta. Shangazi alivyowabembeleza, wakamruhusu awe wa mwisho. Waliomtangulia wakaisha. Akaomba abaki kidogo kwenye kiti cha magurudumu, hapa ukumbini, akielekea mlangoni. Kila mwanamume aliyeingia alimkazia jicho. Muuguzi alikuja, akamwomba dakika. Akaja tena, akamwomba tena. Mara ya mwisho alikuja mpasuaji mwenyewe, akapiga magoti mbele yake, akamwambia mama, dawa tuliyokuwekea inapungua nguvu, twende.

Akaenda. Alimwambia mdogo wangu nikifika nipewe chai, nitakuwa nimechoka na kazi.

Chai nimepewa. Ipo hapa pembeni. Imepoa.

Jumapili, 17 Machi

Bendeji imetolewa jana. Mpasuaji akamulika, akauliza anaona nini. Shangazi akauliza umeshawasha? Akasema ndiyo, mama. Shangazi akasema basi sawa.

Ndiyo hivyo. Hakupiga kelele wala nini. Aliuliza kama ni mchana, kisha akaomba uji.

Leo ndiyo amekuwa na nguvu ya kukaa. Akaniita karibu. Akanishika uso kwa mikono yote miwili, vidole vile vya sindano, vikavu. Akapita kwenye nyusi, pua, akashuka kwenye mashavu, akayapima. "Umenenepa," akasema. "Hicho ni cheo." Kila anayeingia wodini anamwambia: huyu ndiye mwanangu aliyepandishwa. Muuguzi, mfagiaji, mgonjwa wa kitanda cha pili ambaye ni kiziwi. Wote wakanipa mkono. Nikaupokea.

Mdogo wangu aliniita nje, kwenye ngazi. Ameshakutana na Daktari wa Meno! Alhamisi usiku, yeye alikwenda uwanjani kuulizia hiyo ndege yenye hitilafu, akamkuta anatafuta teksi, na Daktari kwa wema wake akamuuliza kama ni ndugu wa yule fundi wa lifti mwenye suti ya kuwaka, akamsimulia yote. Kwa hiyo anajua. Hakupaza sauti. Aliniuliza kitu kimoja. "Kaka, umepandishwa kutoka wapi kwenda wapi?"

Nikamwambia hajui mambo ya usafiri wa anga. Akasema ni kweli hajui. Akasema Shangazi hatamwambia, si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya Shangazi. Akarudi ndani.

Nilirudi na mimi. Shangazi alitaka nimsimulie kiti. Nikamsimulia: kinavyolala, kitufe, taulo, koleo. Alicheka kwenye koleo. Akauliza mayai yalikuwa mangapi, akasema wachoyo. Nilisimulia mpaka mwisho, na kwenye ukungu nikaruka.

Kisha akaniambia yake. Pale ukumbini, alisema, mpasuaji alipokuja kumchukua, mlango ulifunguka akaingia mwanamume mrefu. Moyo ukamruka. Akasema huyo! Kumbe ni mleta mitungi ya oksijeni. Akamwomba asogee. Yule mtu akasogea, akainama, akidhani mama anataka kuambiwa kitu. Shangazi akamwangalia.

"Niliona nisipoteze jicho bure," akasema. "Nikamchukua yeye. Sasa nikikusikia unaongea, namwona huyo. Si mbaya. Ana masharubu." Akanipapasa juu ya mdomo. "Fuga, basi, mwanangu. Usinichanganye."

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti kubwa, maana nisingecheka angesikia kitu kingine.

Baadaye nilimwona yule mleta mitungi kwenye lifti. Mrefu, kweli. Tulitazama namba juu ya mlango, kama watu wote wafanyavyo. Alishuka kabla yangu.

Jumanne, 19 Machi

Nimeibiwa! Nimefungua hesabu ya pointi zangu leo asubuhi, nikiwa nimelala kwenye godoro sebuleni kwa Shangazi. Safari ya mbele ya pazia imeingia kama sifuri. Sifuri! Nimewapigia simu. Kijana wa upande wa pili, sauti ya mtu anayesoma karatasi, amenieleza kwamba kiti ulichopewa kwa hisani hakihesabiki. Na kwa kuwa ile ndege ya jioni niliikataa kwa saini yangu, nayo haihesabiki. Nikamuuliza kwa hiyo nilifika huku kwa miguu? Akasema kwa upande wa pointi, ndiyo.

Shangazi alisikia ninafoka. Alikuwa jikoni anajifunza sufuria, mdogo wangu kamshika kiwiko. Akauliza kuna nini. Nikasema kazi. Akasema pole, mwanangu, wenye vyeo hawapumziki.

Mdogo wangu aliniomba nibaki mpaka mwisho wa mwezi. Bosi amekubali, kwa maneno machache sana. Kuna vitu vya kumfundisha Shangazi: ngazi za nje, bomba, jiko liko wapi na moto uko wapi. Anaogopa kumwacha peke yake akienda kazini. Nikamwambia nitabaki. Nilikuwa nasema kweli.

Lakini mchana nimeona tangazo. Mpaka mwisho wa mwezi huu, pointi maradufu kwa kila atakayepita miji mitatu. Mitatu! Nikiondoka kesho alfajiri, nikizunguka, nikirudi nyumbani, nikazunguka tena kuja huku, kadi ya dhahabu naishika mkononi. Ni siku chache tu. Ngazi za nje hazihami.

Shangazi nimemwambia Bosi ameniita ghafla. Akasema nenda. Akanipapasa tena juu ya mdomo, akasema bado hayajatoka. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni, akasikia yote, akaenda kuanua nguo.

Sijafanya hili kwa ajili yangu, watu waelewe. Mwenye kadi ya dhahabu anaruhusiwa kuja na mtu mmoja mbele ya pazia, bure, mara moja kwa mwaka. Nimeshampangia Shangazi. Atalazwa kwenye kiti, atabonyeza kitufe, taulo ataletewa kwa koleo aliyoicheka. Ameshona mashati ya watu wa kila mji na hajawahi kupanda ndege.

Nimeshaandika ombi. Mimi nitakaa upande wa njiani. Yeye nimemwombea dirishani. Hajawahi kuona mawingu kwa juu.